Rclone: Namna ya kuunganisha diski ya ofisi na hifadhi ya wingu bila kupoteza kumbukumbu

USIKU wa kuamkia Machi 10, 2021, moto ulizuka katika kituo cha kompyuta cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuliteketeza kabisa jengo moja pamoja na seva zote zilizokuwamo. Hakuna mtu aliyeumia, lakini kulipokucha wateja wengi walibaini kwamba tovuti zao hazipatikani, na baadhi yao wakaelezwa kuwa kumbukumbu zao hazitarudi tena. Studio ya Facepunch, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Rust, ilitangaza kwamba data za seva zake za Ulaya zilizohifadhiwa hapo zimepotea moja kwa moja.

Tukio hilo liliwazindua wengi waliokuwa wakiamini kwamba kitu kikishawekwa "kwenye wingu" basi kimesalimika. Wingu, kwa lugha nyepesi, ni kompyuta ya mtu mwingine iliyo katika jengo la mtu mwingine, na jengo hilo laweza kuungua, kukatiwa umeme au kufungwa kama jengo jingine lolote.

Kwa upande wa pili, wanaohifadhi kila kitu katika diski moja iliyo chini ya meza ya ofisi nao hawana usalama. Diski hufa, kompyuta huibwa, maji ya mvua huingia, na virusi vya kompyuta hufunga mafaili vikidai fedha. Ndiyo maana wataalamu wa kompyuta hushauri kumbukumbu zikae mahali pawili au zaidi, na mahali pamoja pawe mbali na ofisi.

Ushauri huo ni rahisi kuutoa, lakini utekelezaji wake huleta swali gumu: ikiwa nusu ya kumbukumbu iko katika diski ya ofisi na nusu nyingine iko kwa Amazon, Google au Microsoft, wafanyakazi watazifikiaje zote bila kujifunza milango minne na kukariri maneno manne ya siri? Jawabu mojawapo ni programu iitwayo Rclone.

Rclone ni nini?

Rclone ni programu huria isiyolipiwa, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Mwingereza Nick Craig-Wood. Alianza kuiandika baada ya kuchoshwa na kelele za seva alizoziweka nyumbani pamoja na gharama za umeme wake, akaamua kuhamishia mafaili yake mtandaoni. Mwanzoni aliiita Swiftsync. Toleo la 1.00, lililohesabiwa kuwa limekomaa, lilitoka Julai 2014.

Hivi sasa programu hiyo inaelewana na huduma zaidi ya 70 za kuhifadhi data, zikiwamo Amazon S3, Google Drive, Microsoft OneDrive, Dropbox na Backblaze B2, pamoja na seva za kawaida zinazofikiwa kwa njia ya SFTP. Inafanya kazi katika Windows, Linux na Mac.

Wengi huifahamu Rclone kama chombo cha kunakili mafaili. Hata hivyo, inayo kazi ya pili ambayo haizungumzwi sana: kuhudumia data. Kompyuta moja yenye Rclone inaweza kusimama katikati, ikachukua mafaili kutoka diski ya ndani na kutoka wingu, kisha ikayatoa kwa wafanyakazi wote kwa mlango mmoja, kama karani wa masjala anayepokea maombi dirishani na kwenda mwenyewe kulitafuta jalada, liwe rafu ya mbele au ghala la nyuma.

Ili maelezo yafuatayo yaeleweke, ichukuliwe mfano wa ofisi ndogo ya upimaji wa ardhi. Ramani za mwaka huu na uliopita zimo katika diski ya ofisi, kwa kuwa hutumika kila siku. Ramani za miaka ya nyuma, ambazo ni nyingi na huulizwa mara chache, zimo katika Amazon S3. Ramani moja ikipotea, mwenye kiwanja anaweza kushindwa kuthibitisha mpaka wake mbele ya baraza.

Hatua ya kwanza: kuvipa vyanzo majina

Katika lugha ya Rclone, kila mahali palipo na data ni chanzo chenye jina lake. Majina hayo huandikwa katika faili moja la usanidi liitwalo rclone.conf. Amri ya kuanzia ni hii:

rclone config

Programu itauliza maswali, nayo hujibiwa kwa herufi au namba. Herufi "n" ina maana ya chanzo kipya. Hufuata jina la chanzo, kisha aina ya hifadhi, kisha maswali yanayoihusu aina hiyo. Mtumiaji akitaka kujua faili la usanidi limewekwa wapi katika kompyuta yake, ataandika "rclone config file".

Jambo moja dogo huwakosesha wengi. Jina la chanzo lazima lifuatiwe na nukta pacha. Anayeandika "wingu:" anakusudia chanzo kilichosajiliwa kwa jina hilo, lakini anayeandika "wingu" bila nukta pacha anakusudia kabrasha la kawaida liitwalo wingu ndani ya kompyuta yake. Rclone haitalalamika. Italitengeneza kabrasha hilo na kuyanakili mafaili humo, na mhusika ataondoka ofisini akiamini kwamba kumbukumbu zimevuka bahari, kumbe hazijatoka hata katika diski.

Hali kadhalika, wanaotumia Windows wasikipe chanzo jina la herufi moja, kwa kuwa herufi moja yenye nukta pacha ndiyo namna Windows inavyoziita diski zake, na mkanganyiko hauepukiki.

Chanzo cha ndani

Diski ya ndani haihitaji usajili. Njia ya kabrasha, mfano /data/ramani, hutosha yenyewe. Pamoja na hayo, ni busara kuipa jina kwa kutumia aina iitwayo "alias", ili siku diski ikibadilishwa pabadilishwe mstari mmoja tu:

[ofisi]
type = alias
remote = /data/ramani

Yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, katika Linux baadhi ya mafaili huwa ni viungo tu vinavyoelekeza mahali pengine. Rclone huviruka viungo hivyo isipoagizwa vinginevyo, na anayetaka yaliyomo yafuatwe huongeza neno --copy-links. La pili, Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo ilhali Windows kwa kawaida haitofautishi. Faili "Kiwanja12.pdf" na "kiwanja12.pdf" ni mawili katika Linux, lakini yakipelekwa Windows moja linaweza kulifunika jingine.

Chanzo cha wingu

Kwa upande wa Amazon S3, huduma iliyoanza Machi 2006, data huwekwa katika vyumba ambavyo kampuni hiyo huviita ndoo. Mteja huchagua ndoo yake iwe katika eneo gani la dunia. Kwa watumiaji wa Afrika lipo eneo la Cape Town, Afrika Kusini, lililofunguliwa Aprili 2020, ambalo jina lake la kiufundi ni af-south-1. Eneo hilo halimo katika orodha ya kawaida. Mwenye akaunti hana budi kuliwasha kwanza. Usanidi wake huwa hivi:

[wingu]
type = s3
provider = AWS
access_key_id = (namba ya ufunguo)
secret_access_key = (siri ya ufunguo)
region = af-south-1
acl = private

Neno "private" katika mstari wa mwisho lina maana kwamba kila faili litakalopandishwa litabaki la mwenyewe. Katika miaka ya 2010, hususan mwaka 2017, ziliripotiwa habari nyingi za makampuni makubwa yaliyoacha ndoo zao wazi na taarifa za mamilioni ya wateja kuonekana na yeyote aliyeijua anwani. Kuanzia Aprili 2023, Amazon ilizifunga ndoo zote mpya dhidi ya umma tangu zinapoundwa. Ndoo za zamani hazikubadilishwa, kwa hiyo aliyefungua yake kabla ya hapo anapaswa kuikagua mwenyewe.

Ufunguo unaowekwa hapa usiwe ule wa mwenye akaunti. Ndani ya Amazon huundwa mtumiaji maalumu aliyeruhusiwa mambo mawili tu: kuorodhesha yaliyomo katika ndoo hiyo moja, na kuyasoma. Kazi ya kupandisha nakala ipewe ufunguo mwingine, ikiwezekana ukiwa katika kompyuta nyingine.

Umuhimu wa hadhari hiyo ulionekana Juni 2014 kwa kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikiwahifadhia waandishi wa programu kazi zao ndani ya Amazon. Mhalifu aliingia katika akaunti ya kampuni hiyo na kudai fedha. Wenyewe walipojaribu kumfungia mlango, alianza kufuta. Data na nakala zake vilikuwa chini ya akaunti ileile, na kampuni ikalazimika kufunga milango yake.

Baada ya kusajili chanzo, hujaribiwa mara moja. Wengi huanza na amri ya kuorodhesha ndoo zote, "rclone lsd wingu:", na huvunjika moyo wanapokataliwa. Kukataliwa huko si kosa. Ufunguo wenye mamlaka finyu hauruhusiwi kuziona ndoo nyingine. Jaribio sahihi ni kuitaja ndoo yenyewe:

rclone lsf wingu:kumbukumbu-ramani

Kwa wanaotumia Google Drive, utaratibu ni tofauti kidogo. Badala ya ufunguo, Rclone hufungua kivinjari na kumwomba mwenye akaunti idhini. Katika hatua hiyo huulizwa kiwango cha ruhusa, na kwa kompyuta ya kutoa huduma tu ruhusa ya "drive.readonly", yaani kusoma bila kubadili, inatosha. Ikiwa seva haina skrini wala kivinjari, idhini hupatikana katika kompyuta nyingine kwa amri ya "rclone authorize", kisha maneno yanayotolewa hunakiliwa katika seva. Aidha, inashauriwa mtumiaji ajisajilie kitambulisho chake mwenyewe kwa Google, kwani kile kinachokuja na programu hutumiwa na watu wengi duniani na huduma huweza kuzorota.

Kuunganisha vyanzo viwili

Baada ya vyanzo kusajiliwa, ipo njia ya kuviunganisha vikaonekana kama kabati moja. Rclone inatoa namna mbili.

Namna ya kwanza huitwa "combine". Kila chanzo hubaki na kabrasha lake, na yote huwekwa chini ya jina moja:

[ramani]
type = combine
upstreams = mpya=ofisi: zamani=wingu:kumbukumbu-ramani

Mfanyakazi akifungua "ramani" ataona makabrasha mawili, "mpya" na "zamani". Kila mtu anajua anachokifungua kinatoka wapi, na huo ndio uzuri wake.

Namna ya pili huitwa "union". Hapa vyanzo vyote huchanganywa vikawa kitu kimoja, na mtumiaji haoni mpaka. Faili likiwamo katika vyanzo vyote viwili, Rclone kwa kawaida hulitoa la chanzo kilichotajwa kwanza. Ni namna inayopendeza machoni, lakini inadai uangalifu zaidi: faili jipya likiandikwa litakwenda wapi, na faili likifutwa litafutwa katika chanzo kipi? Tiba yake ni kuongeza alama ":ro" mwishoni mwa chanzo cha wingu, kuonyesha kwamba ni cha kusoma tu:

upstreams = ofisi: wingu:kumbukumbu-ramani:ro

Kwa ofisi inayoanza, namna ya kwanza ndiyo salama zaidi.

Kufungua dirisha la huduma

Sasa kabati liko tayari, na linalosalia ni kufungua dirisha. Rclone inaweza kutoa huduma kwa njia kadhaa, zikiwamo HTTP kwa wanaotumia kivinjari, SFTP kwa mafundi, na WebDAV ambayo huweza kufunguliwa ndani ya programu ya kawaida ya kupekulia mafaili. Kwa mfano wa ofisi ya ramani, amri huwa hivi:

rclone serve webdav ramani: --addr 192.168.1.10:8080 --htpasswd /etc/rclone/watumiaji --read-only --vfs-cache-mode full --vfs-cache-max-size 20G

Kila neno lina kazi yake. Neno "--addr" hutaja anwani na mlango. Lisipowekwa, huduma hupatikana ndani ya kompyuta hiyohiyo pekee. Likiandikwa ":8080" bila anwani mbele yake, huduma hufunguka kwa kila mtandao ambao kompyuta imeunganishwa nao, na hapo ndipo hatari ilipo.

Neno "--htpasswd" huelekeza kwenye orodha ya watumiaji na maneno yao ya siri. Ni vema ifahamike kwamba HTTP na WebDAV za Rclone hazidai neno la siri zisipoagizwa. Anayeisahau sehemu hiyo amefungua masjala na kumpeleka mlinzi nyumbani. Yapo pia maneno "--user" na "--pass", lakini neno la siri likiandikwa ndani ya amri huweza kuonekana na watumiaji wengine wa kompyuta hiyo, na hubaki katika historia ya amri. Orodha iliyo katika faili ni salama zaidi.

Neno "--read-only" huzuia mtu yeyote kubadili au kufuta kupitia dirisha hilo. Ikiwa huduma itatoka nje ya ofisi, mawasiliano yenyewe nayo lazima yafungwe kwa cheti, kwa maneno "--cert" na "--key", la sivyo maneno ya siri yatapita njiani yakiwa uchi.

Maneno mawili ya mwisho yanahusu hifadhi ya muda. Ramani ikiombwa mara ya kwanza hushushwa kutoka wingu, na nakala yake huwekwa katika diski ya seva ili mwombaji wa pili asisubiri. Hapa imepangwa isizidi takriban gigabaiti 20. Nakala hizo zisipoguswa kwa saa moja huondolewa, isipokuwa muda ukiongezwa kwa neno "--vfs-cache-max-age".

Hifadhi ya muda huokoa fedha pia. Amazon hutoza data inayotoka kwenda mtandaoni, na tangu Desemba 2021 gigabaiti 100 za mwanzo kila mwezi hazilipiwi. Ofisi inayoshusha ramani ileile mara 50 kwa siku hulipia mara 50.

Hata hivyo, hifadhi ya muda isichukuliwe kuwa nakala ya akiba. Ndani yake mna yale tu yaliyoombwa karibuni, na programu huyafuta bila kuuliza.

Kebo zikikatika

Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na huduma ya intaneti ikazorota au kukatika kabisa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwamo Tanzania na Kenya. Siku kama hiyo, ofisi iliyoweka kila kitu wingu hugeuka kuwa chumba chenye viti na kompyuta. Ofisi yenye diski yake huendelea kuhudumia kabrasha la "mpya" kwa mtandao wa ndani, ingawa "zamani" itasubiri.

Aidha, wingu lenyewe huweza kuanguka bila kebo kuguswa. Februari 28, 2017, mtaalamu mmoja wa Amazon aliyekuwa akitafuta hitilafu katika S3 huko Virginia, Marekani, aliandika amri yenye kosa na kuziondoa seva nyingi kuliko alivyokusudia. Tovuti nyingi zilikwama kwa saa kadhaa.

Kwa sababu hiyo, swali la kujiuliza wakati wa kupanga vyanzo si kipi cha kisasa zaidi, bali ni kipi kitahitajika siku ambayo intaneti haipo. Hicho kikae ndani.

Nakala na hatari ya "sync"

Kuunganisha vyanzo si sawa na kuwa na nakala. Katika mfano huu, ramani mpya ziko ofisini pekee na za zamani ziko wingu pekee. Diski ikifa leo, za mwaka huu zimekwenda. Ni lazima ramani mpya zinakiliwe wingu kila siku, na za zamani zishushwe katika diski ya pili itakayotunzwa mahali pengine.

Kwa kazi hiyo zipo amri mbili zinazofanana kwa sura lakini tabia ni mbalimbali. Amri ya "rclone copy" hupeleka yaliyopungua na haifuti kitu upande wa pili. Amri ya "rclone sync" huufanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, pamoja na kufuta ambavyo upande wa kwanza haunavyo.

Hatari yake ni hii. Tuseme diski ya ramani ni ya nje, na usiku mmoja waya wake umelegea. Kabrasha la /data/ramani lipo, lakini ni tupu. Amri ya "sync" iliyopangwa kuanza saa nane usiku itaona kabrasha tupu, na kwa utiifu kamili itaifuta nakala yote iliyo wingu ili zilingane.

Kinga ni kadhaa. Kwanza, kila amri mpya ijaribiwe kwa kuongeza neno "--dry-run", ambalo huonyesha kitakachotokea bila kukitenda. Pili, "--max-delete" huweka kikomo cha mafaili yanayoweza kufutwa kwa mara moja. Tatu, "--backup-dir" huyahamisha yaliyokusudiwa kufutwa hadi kabrasha la pembeni. Asiye na hakika atumie "copy" na kuiacha "sync" kabisa.

Nakala ikishapelekwa, ithibitishwe kwa amri ya "rclone check", inayolinganisha ukubwa wa mafaili na alama zake za utambulisho katika pande zote mbili.

Kwa ofisi zenye intaneti nyembamba, kasi ya kupandisha huwekewa mipaka kwa saa:

--bwlimit "08:00,512k 18:00,off"

Maana yake ni kwamba kuanzia saa mbili asubuhi kasi isizidi kilobaiti 512 kwa sekunde, na kuanzia saa kumi na mbili jioni iachiwe. Ikumbukwe kuwa Rclone huhesabu kwa baiti ilhali kampuni za intaneti huuza kwa biti, na baiti moja ni biti nane. Hivyo kilobaiti 512 ni sawa na takriban megabiti nne. Kwa kasi hiyo, kupandisha gigabaiti 200 huchukua zaidi ya siku nne, usiku na mchana.

Kulifunga faili la usanidi

Faili la rclone.conf ndilo shada la funguo zote. Maneno ya siri yaliyomo yanaonekana kama yamefichwa, lakini yamevurugwa tu. Mwenye ujuzi kidogo huyafichua kwa dakika moja. Kinga ni kuliwekea faili lote neno la siri, kwa kuandika "rclone config" na kuchagua herufi "s". Seva inayojiwasha yenyewe baada ya umeme kurudi itahitaji kupewa neno hilo kwa njia iitwayo RCLONE_CONFIG_PASS au kwa "--password-command", vinginevyo itakaa ikisubiri mtu aje kuandika.

Kwa data nyeti, ipo aina ya chanzo iitwayo "crypt" ambayo husimamishwa mbele ya chanzo cha wingu. Yaliyomo katika mafaili hufungwa kwa usimbaji kabla hayajaondoka ofisini, na hata majina yake hubadilishwa. Mwenye wingu huhifadhi asichoweza kukisoma. Lakini neno la siri likipotea, hakuna fundi duniani atakayeyafungua, awe wa Rclone au wa Amazon. Liandikwe karatasini na kufungiwa kasikini, pamoja na nakala ya faili la usanidi.

Suala hilo lina upande wa kisheria. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinaweka masharti ya kuzisafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kuchagua eneo la Cape Town au Ulaya katika mstari mmoja wa usanidi ni kuzivusha taarifa mpaka, na mwenye ofisi ndiye atakayewajibika, si fundi aliyeuandika mstari huo.

Kabla ya kuondoka

Wataalamu husema nakala ambayo haijawahi kujaribiwa si nakala. Kazi ya usanidi ikikamilika, fundi achukue kompyuta nyingine isiyo na kitu, afunge Rclone, aweke faili la usanidi kutoka kasikini, na ajaribu kurudisha ramani tano alizozichagua bila mpangilio: tatu za mwaka huu na mbili za zamani. Zikifunguka, ofisi inaweza kulala. Zisipofunguka, ni heri kuligundua hilo leo, mchana kweupe, kuliko siku ambayo mwenye kiwanja amesimama mlangoni na diski imekufa.

Zoezi hilo lirudiwe angalau kila miezi mitatu, na kila mara diski, ufunguo au mhusika anapobadilika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kumbukumbu za kompyuta, ukuta wenyewe mara nyingi haujengeki tena.